Ng'ombe wa Taru Kwenye Bima Yangu

Kwenye kompyuta ya ofisi moja ya bima pale Ukunda, mie ni mtu hatari sana. Nililigundua hilo nikiwa nimekaa mbele ya dada mmoja wa bara, nimevaa shati la kuazima, viatu nimevipiga kiwi mpaka mbu anaweza kujitazama.

Nilikuwa nimenunua gari. Jeupe, milango mitano, minne inafunguka. Miaka sita nilikuwa nimeendesha teksi ya bosi mmoja wa Diani, kuwachukua wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka hotelini, kuambiwa "hakuna matata" na kucheka kama ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Nikaweka akiba, mama akaongeza pesa za zamu yake ya chama, na nikapata changu. Kazi pia nilikuwa nimeshaipata. Kulikuwa na mama mmoja mwenye nyumba za wageni karibu na ufuo. Alitaka dereva wa kudumu mwenye gari lake, na mie alinijua toka zamani.

"Kazi ni yako," aliniambia. "Lakini sitaki mtu wa thadi pati hapa. Leta bima kubwa. Nakungojea mpaka mwisho wa mwezi, basi. Tarehe moja ikifika huna, nampa mwingine, na usinililie."

Thadi pati naijua, ndiyo bima yetu maskini. Ukimgonga mtu, yeye analipwa, na gari lako wewe utajijua. Haina maneno mengi: lete logbuku, lipa, nenda zako. Bima kubwa inatengeneza mpaka gari lako, lakini nayo inataka kukuchunguza kwanza, umetoka wapi, umefanya nini, kama mama mkwe. Mie sikuwa na wasiwasi. Niliishia darasa la nane, lakini usukani naujua. Sijawahi kumgonga hata kuku.

Dada wa bima akachukua kitambulisho changu, akachapa chapa, akaacha kuchapa.

"Boss, wewe uko humu tayari."

"Mie maarufu, dada."

"Si kwa mazuri." Akaigeuza ile skrini kidogo. "Sisi ndio tulikuwa tunaipa bima hiyo teksi ulikuwa unaendesha. Hapa kuna ng'ombe, Taru. Halafu miezi mitano baadaye kuna nguzo ya geti, Msambweni. Dereva wa kwanza, wewe. Dereva wa pili, wewe."

Nikasogea nijisomee mwenyewe.

Akaniandikia bei kwenye kalkuleta, akaisukuma mezani niione.

"Dada," nikamwambia, "hii ni bei ama ni namba ya simu?"

Akacheka, Mungu ambariki, lakini namba haikubadilika. Akanieleza vizuri tu, bila dharau. Gari langu na la jirani yangu yanaweza kuwa ya mwaka mmoja na rangi moja, lakini jirani hajagonga kitu, kwa hiyo yeye analipa kidogo, na kila mwaka akikaa salama anapunguziwa tena. Mie nimegonga mara mbili ndani ya mwaka, kwa hiyo kampuni inaona ya tatu iko njiani inakuja, na inanitoza kabisa kabla haijafika.

"Basi nitalipa kidogo kidogo," nikasema. "Mwezi kwa mwezi."

"Hapo sasa ni benki inatulipa sisi, halafu wewe unailipa benki. Lazima wakuangalie kama huwa unalipa." Akabonyeza tena. Akaguna. "Una mkopo wa simu ulichukua ukapotea nao. Jina lako liko kwenye orodha ya wasiolipa. Hawatakubali. Itabidi ulete pesa yote mara moja."

Pesa yote mara moja! Ningekuwa nayo ningekaa mie kwenye hizo nyumba za wageni, niagize chai.

Sasa nikwambie ya Taru, ndipo uelewe.

Kaka yangu alikuwa amependa msichana wa watu wa huko, mbele kidogo ya Taru, na siku ile tulikuwa tunakwenda kuposa. Kwetu Wadigo posa haiendi bila mjomba. Baba anakuzaa, sawa, lakini mjomba, ndugu yake mama, ndiye anayekaa mbele na kusema, na neno lake likishatoka limetoka. Mjomba humtanii. Mie nawatania babu, nawatania maimamu, nimewahi kumtania askari mwenye bunduki, lakini mjomba nikimwona naongea kama ninasoma taarifa ya habari. Basi wanawake na wazee wengine walitangulia, na mie nikabaki nyuma nimembeba mjomba peke yake kwenye teksi ya bosi, amevaa kanzu, koti na kofia mpya, ananukia udi mpaka kwenye mikanda ya gari.

Tulipokaribia Taru akaniambia, "Simama. Pisha nishike mimi. Siwezi kufika kwa watu nimebebwa kama gunia la muhogo."

Ningesemaje? Nikampisha.

Ilikuwa saa tano mchana, jua kali, barabara nyeupe. Mie nimeinama namwandikia kaka kwamba tumekaribia, ajipange. Nikasikia kishindo, na simu ikaniruka. Nilipoinua kichwa, ng'ombe mwekundu alikuwa amelala mbele yetu na pembe moja iko ndani ya taa ya bosi. Yule ng'ombe hakuwa akivuka. Alikuwa amesimama tu kando ya lami, ametulia, hana haraka na mtu.

Mwenyewe akaja na fimbo, na nyuma yake ukoo mzima, kila mmoja anamlilia marehemu. Askari wakaja nao.

"Dereva ni nani?"

Mjomba alikuwa ameivua kofia yake, anaizungusha mikononi. Watu walikuwa wanamngoja kule mbele, wamepika, wametandika majamvi. Mtu atafikaje kwenda kuomba mchumba akiwa ameandikwa na polisi?

"Mie, afande," nikasema.

"Mbona umekaa upande wa abiria?"

"Nimerushwa na mshtuko, afande."

Akanitazama, akamtazama mjomba, akaandika. Mwenye ng'ombe naye akasema hatuondoki mpaka alipwe. Nikaingia kwenye simu, zile app za kukopa, nikabonyeza mara tatu, pesa ikaingia upesi kuliko nilivyowahi kupewa na ndugu yeyote. Tukafika kwenye posa tumechelewa kidogo. Mjomba akasema maneno mazuri mpaka mama yake msichana akatoa machozi, na tukakubaliwa. Njiani kurudi akaniambia jambo moja tu: "Umenisitiri, mwanangu. Mwenyezi Mungu naye akusitiri."

Nikangojea anirudishie pesa ya ng'ombe. Wiki, mwezi, miezi. Mjomba humdai. Utaanzia wapi? "Shikamoo mjomba, na lile deni"? Haiwezekani, ulimi unakwama kwenye shikamoo. Wale wa mkopo wakaanza kunipigia asubuhi na jioni, na mie nikafanya ujanja, nikabadilisha laini. Nilidhani deni linakaa kwenye laini. Kumbe linakaa kwenye kitambulisho, linalala humo, linanenepa.

Na ile nguzo? Mjomba alikuwa ameazima teksi ampeleke jirani yake hospitali pale Msambweni. Akarudi na mlango umebonyea. Akanipa ufunguo, akatazama pembeni. Sikumngoja aanze. Nikaenda kwa bosi nikamwambia nimegonga nguzo. Mara ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, hilo nalo nimejifunza.

Haya. Niko pale ofisini, natazama ile kalkuleta, na dada wa bima anaisoma upya ile taarifa yangu, kidole mdomoni.

"Lakini wewe ni msee wa maajabu," akasema. "Watu wengine hugonga magari. Hugonga bodaboda. Wewe unagonga vitu vimesimama. Ng'ombe amesimama, saa tano mchana. Nguzo, hiyo ndiyo haijawahi kutembea, saa nne asubuhi. Mtu akinigongea vitu vimesimama mchana mimi huuliza maswali mawili. Unakunywa?"

"Sinywi, dada. Mie Muislamu. Hata soda nasita."

"Basi huoni."

Wallahi nikaacha kuitazama ile kalkuleta. Maana alikuwa ananiangalia mie, lakini aliyekuwa anamweleza ni mtu mwingine. Miaka miwili nilikuwa nimekaa na hii hadithi, nimeona ni bahati mbaya, nimeona ni ng'ombe mpumbavu. Yeye kaisoma mara moja kwenye skrini, hajamwona hata mtu mwenyewe, na kajua haoni.

Na mjomba bado alikuwa anaendesha. Ana pikapu yake kuukuu anayobebea samaki wa watu kutoka Bodo na nazi zake kutoka shamba, na asubuhi watoto wa madrasa wakimwona wanarukia nyuma, wanapanga miguu kama ndizi.

"Si mie," nikamwambia yule dada. Ikanitoka tu. "Zote mbili si mie. Ni mjomba wangu."

Akaweka kalamu chini. Nilitegemea anifukuze.

"Na ulisema ni wewe."

"Nilisema ni mie."

"Kwa polisi?"

"Kwa kila mtu."

Akavuta pumzi. "Sikiza. Mwenyewe aje hapa, aseme. Muende kwa wakili muape, wote wawili, na polisi wajulishwe. Nitapeleka kwa wakubwa wangu. Siahidi kitu. Na wewe nawe utaandikwa kwamba ulidanganya, usidhani utatoka hapa malaika."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwezi uishe.

Nilifika Msambweni baada ya adhuhuri. Mjomba alikuwa bado msikitini. Mkewe, ambaye tunamwita mkaza mjomba, alikuwa amekaa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaniitikia, akanitazama usoni mara moja tu.

"Umekuja na neno. Litoe kabla hajafika."

Nikamweleza yote, kazi, bima, ng'ombe, nguzo. Mikono yake ikaendelea kuchambua.

"Mkaza mjomba," nikasema, "mjomba anaona?"

"Wewe ulidhani mimi ninapenda sana safari siku hizi?" Akatupa jiwe dogo chini. "Toka lini mimi nikawa mtu wa kwenda Bodo kupakia samaki? Ninakaa pale mbele, ninapiga domo. 'Jamani tuta hili nalo, limejengwa na nani?' Naye anapunguza mwendo. 'Haya, mbuzi wa watu hao, wamejaa njiani.' Naye anasimama. Hatujawahi kusema lolote, mimi na yeye. Ninaongea tu."

"Na siku ya Taru?"

"Siku ya Taru mimi nilitangulia na wanawake."

Nilimwona mama mtu mzima, miaka miwili anapigia domo matuta, kila safari roho iko mkononi, ili mumewe asione aibu.

Tukasikia kiatu mlangoni. Mjomba akasimama pale, hatua tatu kutoka kwetu, jua liko nyuma yake.

"Nani huyo?"

"Ni mie, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Nilijua," akasema upesi.

Akakaa. Mkewe akainuka na ungo wake akaingia ndani, na alipopita akanigusa bega, kama kunisukuma. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima kutoka Ukunda, mazuri, yenye adabu. Yakakimbia yote.

"Mjomba, nimepata kazi na niko karibu kuikosa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ng'ombe."

Hakuniuliza ng'ombe yupi. Nikamweleza bima inataka nini, na bei waliyonipa, na kwamba kulipa kidogo kidogo wamenikatalia kwa ajili ya ule mkopo.

"Mkopo gani?"

"Wa kumlipa yule mwenye ng'ombe."

Akageuza uso kunitazama, au kutazama pale sauti yangu ilipokuwa. "Mimi nilijua ni akiba yako. Nikasema kijana ana pesa, ataniambia akihitaji. Nimekungojea useme. Mwezi wa kwanza nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye bahasha. Husemi. Nikadhani umenisamehe, nikaona nikikupa kwa nguvu nitakuwa nimekuvunjia heshima. Bahasha tukaila Ramadhani."

Sisi watu, jamani! Mmoja anaona haya kudai, mwingine anaona haya kulipa, na katikati simu inachapa riba.

"Wanataka uje useme ni wewe uliyekuwa unaendesha," nikasema. "Na wakijua kwa nini, mjomba, leseni…"

Akaivua kofia yake, akaishika vile vile alivyoishika Taru.

"Siku ile," akasema, "nilidhani ni kichaka."

Hapo ndipo nilipoyaona macho yake vizuri. Katikati kuna kitu cheupe, kama maziwa yameingia kwenye chai. Nimekula naye sikukuu zote na sikuwahi kukiona, kwa sababu mjomba humtazami machoni, unatazama chini kwa adabu. Adabu ilitufanya sote vipofu, si yeye peke yake.

"Wale watoto wa madrasa," nikamwambia polepole.

"Nimeshawakataza. Jumatatu." Akaikunja ile kofia. "Mmoja alishuka akapita mbele ya gari. Mkaza mjomba wako alipiga kelele. Mimi sikuwa nimeona kitu."

Kutoka ndani tukasikia ungo umewekwa chini.

"Kesho," akasema. "Uje unichukue. Mapema, kabla hapajawa na watu wengi."

Kesho yake alikuwa amevaa kanzu ile ile ya posa. Ofisini dada wa bima aliinuka kwenye kiti chake, sijui nani kamfundisha, akasema, "Shikamoo mzee," na akamsogezea kiti mpaka kikagusa miguu yake ili asikitafute. Mjomba akasema yote. Hakuficha, hakunisukumia, hakumsingizia ng'ombe. Aliulizwa, "Mzee, ulikuwa unaona barabara?" akajibu, "Nilikuwa ninaona barabara. Kilichokuwa juu yake ndicho nilichokuwa sikioni."

Tukaenda kwa wakili, tukaapa. Tukaenda polisi, na huko nikagombezwa mie mpaka masikio yakawaka, kwamba ningeweza kufungwa kwa kusema uongo, kwamba nishukuru yule aliyekufa ni ng'ombe. Sikubisha. Leseni yake mjomba hawakuhitaji kumnyang'anya. Aliitoa mfukoni mwenyewe, akaiweka kwenye kaunta. Askari hakujua aifanyie nini, akaishika tu kama amepewa mtoto.

Pikapu akaiuza kwa jamaa mmoja wa Waa anayefanya biashara ya mboga. Kutoka kwenye hiyo pesa akanilipa ng'ombe, na riba yake, na nilipotaka kukataa riba akaniambia, "Nyamaza, tumeshakula hasara ya adabu mara moja." Nikaulipa ule mkopo. Dada akaniambia jina halifutiki siku hiyo hiyo, litakaa pale kwa muda, lakini pembeni sasa limeandikwa kwamba nimelipa, na benki ikiona hivyo inaweza kusikiliza.

Ilisikiliza nusu. Zikiwa zimebaki siku mbili nikapigiwa simu. Bei imeshuka, si kama ya mtu msafi, kwa sababu ng'ombe na nguzo wametoka kwenye jina langu lakini uongo umeingia. Nitalipa kidogo kidogo, ila malipo ya kwanza yawe makubwa kuliko ya wengine.

"Kwa hiyo mie sasa ni nani humo kwenye kompyuta?" nikamuuliza.

"Wewe ni muongo ambaye hagongi vitu," akasema. "Afadhali. Kaa mwaka mmoja bila kelele, tuone."

Mama wa nyumba za wageni nilimpelekea karatasi siku ya mwisho, saa kumi. Aliisoma mbele na nyuma, akaitazama saa yake. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi, uwanjani. Familia ya watu watano. Usichelewe."

Jioni hiyo nilimpeleka mjomba Msambweni. Alikuwa amekuja Ukunda kwa daktari wa macho, kaambiwa jicho moja huenda likasaidika, jingine wataona. Alikaa mbele, pale pa mkewe. Tulipoacha mji akageuzia uso dirishani. Halafu akasema, "Pale kushoto pameandikwa nini?"

"Wanauza mabati, mjomba."

"Toka lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Ahaa." Akakaa sawa. "Na nani huyo, naona kama mkono unapunga?"

"Fundi baiskeli. Yule mwenye kigugumizi."

"Nimempita miezi yote hiyo sijamwitikia. Atakuwa ananiona nina kiburi. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Mjomba akateremsha kioo, akatoa kichwa, akamsalimia kwa jina, akamuuliza mama yake hajambo, watoto hawajambo, na yule fundi akajibu taratibu, neno kwa neno, na hatukumharakisha. Tulipoondoka mjomba hakupandisha kioo.

"Haya, endelea," akaniambia. "Huyu anayekuja nani?"